Kura Zilizojazwa Usingizini

Siku ya nane ya ukaguzi, Sekela Mwaipaja aliona kura mbili zilizofanana.

Ilikuwa asubuhi, katika chumba cha juu cha Baraza la Kura mjini Isuba. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kuziba madirisha yote, mji ukawa kama umeondolewa duniani. Kilibaki chumba kile tu, na meza yake ndefu ya kioo, na kura za Bonde la Lukasi zikipita ndani ya kioo taratibu, moja baada ya nyingine. Kila kura ilikuwa mstari mwembamba wa mwanga wenye miinuko na miteremko yake. Haikuwa na jina wala sura. Ilikuwa na kituo, saa na dakika tu. Sekela alikuwa mkaguzi kwa miaka kumi na miwili na hakuwahi kuchoka kuitazama mistari hiyo. Kuna aliyetaka jambo kwa hasira, mstari wake ukapanda kama moto kwenye nyasi kavu. Kuna aliyetaka kwa kusitasita, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Watu elfu wangeweza kusema Hapana, na kila mmoja akaisema kwa namna yake.

Hizi mbili zilikuwa sawa.

Alizirudisha, akaiburuta moja kwa kidole na kuilaza juu ya ya pili. Hazikuachana popote. Ulibaki mstari mmoja.

"Si kweli," alisema peke yake.

Akaiagiza meza itafute mistari mingine ya namna ile. Alitarajia mitatu, minne. Meza ilitulia kidogo, kisha mistari ikaanza kujipanga upande wa kulia, ikajaza kioo hadi ukingoni na kuanza safu mpya. Ilipokoma ilikuwa elfu moja mia tisa na nne. Kura zote zilizopigwa Lukasi zilikuwa elfu sita mia tatu thelathini na nane. Karibu theluthi yake zilikuwa mstari mmoja uleule, na zote zilisema Hapana.

Sekela aliutambua mwinuko wa mstari ule. Aliuchora yeye mwenyewe.

*

Swali la kura lilikuwa moja: je, watu wa Lukasi wanakubali bonde lao lifunikwe na maji ya bwawa jipya la umeme, nao wahamie uwanda wa juu wa Msimba? Hapana ilishinda kwa kura mia nne na kumi na sita. Sekela alizaliwa bondeni humo. Kaka yake, Andulile, ndiye aliyeongoza kampeni ya Hapana, na jioni ya matokeo alibebwa mabegani kutoka kituoni mpaka nyumbani kwao.

Siku ya kura yenyewe Sekela alimpeleka mama yake, Bi Tupokigwe, kwenye kituo cha shule ya msingi. Ilikuwa Julai, katika miezi ya baridi, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha bila sauti. Andulile na vijana wake walikuwa wameshapiga tangu alfajiri, na ndivyo walivyofanya vijana wa kampeni katika vituo vyote vya bonde: walikuja wa kwanza, wakiimba, miili yao imepata joto kwa mwendo. Baada yao wakaja wakulima na wazee, viganja vimekauka na kupasuka kwa baridi.

Kiti cha mashine ile, ambayo Shirikisho zima liliiita Tulizo, kilikuwa cha mbao nyeusi, na kwenye mikono yake kulikuwa na mabamba mawili laini ya kuwekea viganja. Sekela alimwinua mama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akamkalisha, akaiweka mikono yake juu ya mabamba, kisha akatoka nje ya pazia kama sheria ilivyotaka.

Mtu akikaa pale, Tulizo humvuta kwenye usingizi mwepesi, ule wa kabla ya kulala, wakati maneno yameanza kuyeyuka lakini bado mtu anajijua. Humo humwuliza, si kwa sauti, naye hujibu, si kwa sauti. Aliyenunuliwa haikumbuki ahadi yake mle ndani, na aliyetishwa haukumbuki woga wake. Kinachobaki ni kile anachokitaka. Watu wengi waliamka na machozi bila kujua ni ya nini, wakaenda zao wakitembea polepole, kama wametoka kuogelea.

Mama naye aliamka na machozi. Taa ya kijani ikawaka. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi na saba.

Miaka tisa nyuma, taa ile ilikuwa nyekundu. Mama alikuwa amepata kiharusi mwaka huo. Alipoteza maneno na upande wote wa kulia. Tulizo ilimsikiliza mara tatu, na mara zote tatu ikaandika: *Kura haikusikika.* Sekela hakusahau uso wa mama akisukumwa kurudi nje mbele ya foleni nzima. Alirudi Isuba, na kwa miezi sita akatengeneza kitu alichokiita kijazo. Palipokuwa na kura dhaifu mno, kijazo kilichukua kile kidogo kilichosikika, kikaangalia waliotangulia katika kituo hicho walielekea wapi, kikaumalizia mstari kwa mwinuko ambao Sekela aliuchora. Kilikusudiwa kwa mtu mmoja katika elfu. Baraza lilimpongeza. Vipofu, wagonjwa na wazee sana hawakurudishwa tena.

Hakuna aliyefikiria baridi. Kiganja cha baridi husikika hafifu, hata kama mwenye kiganja anajua sana anachokitaka. Julai ile, Lukasi, kijazo kilikuwa kimewafuata vijana wa alfajiri, kikawamalizia watu elfu moja mia tisa na nne.

Sekela aliandika kwenye meza: kituo cha shule, saa nne na dakika kumi na saba. Alijua ni kosa. Mkaguzi haruhusiwi kutafuta mstari wa mtu anayemjua, na hakuna aliyekumbuka kuizuia meza isimruhusu. Mstari ukaja. Ulikuwa ni uleule, wenye mwinuko wake, umesema Hapana. Akaiondoa sehemu iliyojazwa. Chini yake ulibaki uzi wa mwanga uliotetemeka kidogo tu, mahali pawili, kama maji ambayo samaki amepita chini yake. Aliutazama mpaka macho yakamuuma. Haukusomeka.

*

Mkuu wa ukaguzi, Bwana Mbonea, alikuwa mtu mpole aliyekaribia kustaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaenda kuufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kesho kutwa ni siku ya muhuri. Ukiweka kidole chako, matokeo yanakuwa sheria." Alikaa. "Sekela, unajua kabla ya Tulizo nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Ulikuwa unabeba masanduku ya kura."

"Masanduku ya karatasi. Uchaguzi wa mwisho tulikuwa wanne ndani ya gari. Tulirudi wawili." Aliyasema bila kupandisha sauti. "Wanangu hawajawahi kuona kituo cha kura kinaungua. Hawaelewi hata nikiwasimulia, wanadhani nawatungia. Kijazo chako kiko katika kila Tulizo, nchi nzima, kwa miaka tisa. Ukifungua kura za Lukasi, unafungua zote."

"Lukasi tu ndiko nilikoona, mzee."

"Kwa sababu Lukasi ndiko ulikoangalia." Alimtazama. "Na ninyi ndio mlioshinda. Kwenu kumebaki kwenu. Nani wa kulalamika?"

"Waliosema Ndiyo."

"Hawajui."

"Huenda hata wenyewe waliojaziwa hawajui," Sekela alisema. "Wanadhani walisikilizwa."

Bwana Mbonea alitazama nje. Ukungu ulipita dirishani, ukafunua paa moja la bati, ukalifunika tena.

"Mimi sikukatazi," alisema hatimaye. "Nimekuambia tu kilichoko upande wa pili wa mlango. Nenda nyumbani. Rudi kesho kutwa."

*

Alifika Lukasi mchana wa siku iliyofuata. Bonde lilikuwa limejaa ukungu mpaka juu, na alipokuwa akiteremka alihisi kama bwawa limeshajaa, kwamba anatembea chini ya maji na migomba inayumba kwa mkondo. Mbwa walibweka mbali sana. Harufu ya majani ya chai ilikuwa ileile.

Mama alikuwa barazani, amefunikwa blanketi.

"Ugonile, mama," Sekela alimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Sekela akaketi juu ya kigoda, akaushika mkono wake wa kushoto. Nyumbani walikuwa na lugha yao ya mkono: kubana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Unataka uji? Unasikia baridi? Turudi ndani? Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumwuliza jambo kubwa kuliko hayo.

Kumwuliza mtu kura yake lilikuwa kosa la kufungwa. Sekela alitazama njia. Hapakuwa na mtu.

"Mama, siku ile ya kura. Ulisema Hapana?"

Mkono ukabana. Ukabana tena.

Sekela alidhani amehesabu vibaya. "Ulisema Ndiyo? Ulitaka tuhame?"

Mkono ulibana mara moja, haukulegea haraka.

Mahali fulani ukungu ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye majani ya mgomba, tone baada ya tone. Sekela alijaribu kufikiri. "Ni kwa ajili ya baridi? Na mvua hizi?"

Mara mbili.

"Umechoka na nyumba hii?"

Mkono ulisita. Haukubana. Sekela aliona macho ya mama yameelekea pembeni, kwenye migomba, hatua thelathini kutoka barazani, lilipokuwa kaburi la baba. Andulile alilitaja kaburi lile katika kila mkutano. *Baba yetu amelala hapa, na mama yetu atalala ubavuni pake.* Watu walikuwa wakipiga makofi na kulia.

"Ni kwa ajili ya baba?"

Mkono ulibana mara moja, kwa nguvu ambayo Sekela hakujua kuwa bado mama anayo, na ukabaki umebana hivyo hivyo.

Baba yao alikuwa mtu aliyeheshimiwa bonde zima. Alijenga nusu ya madarasa ya shule. Sekela alikuwa na miaka saba alipofariki, na alichokumbuka zaidi kilikuwa kicheko chake. Lakini sasa, mkono wa mama ukiwa umeung'ang'ania wake, kilimjia kitu kingine kama kutoka chini ya kisima: mama akifua nguo mtoni jua kali, wanawake wengine wamekunja mikono ya magauni, yeye peke yake mikono ya gauni lake imeshuka mpaka vifundoni. Na mama akiambiwa na mwenzake, "Kunja basi, unalowa," na mama akicheka tu, huku kitambaa kilicholowa kikionyesha alama nyeusi za vidole.

"Mama," alisema. Akaulaza uso wake juu ya mkono ule, wakakaa.

*

Andulile alirudi alasiri, buti zimejaa matope, akafurahi kumwona. Sekela alimwomba watembee. Walishuka mpaka darajani, na hapo akamweleza yote kuhusu baridi, kijazo na zile kura elfu moja mia tisa na nne. Hakugusa habari ya mama.

Kaka yake aliyasikiliza maji kwanza.

"Kwa hiyo tulishinda au hatukushinda?"

"Sijui, kaka. Hakuna anayejua. Ndilo tatizo lenyewe."

"Kama hujui, basi huenda tulishinda. Acha ilivyo."

"Siwezi kuweka kidole nikisema nimezisikia kura za watu ambao sikuwasikia."

"Mashine umeitengeneza wewe!" Sauti yake iligonga ukuta wa ukungu na kurudi. "Umeitengeneza wewe, imetusaidia mara moja tu tangu tuzaliwe, na sasa unataka kuibomoa juu ya vichwa vyetu. Watu hawa watakwenda wapi? Mama atafia wapi? Hilo umelifikiria? Kila kitu cha mama kiko hapa. Kumhamisha ni kumuua."

Sekela alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa la kweli, na lingemnyamazisha palepale. Lakini halikuwa lake. Mama alikuwa amelipeleka nyuma ya pazia, likajazwa lingine juu yake, na sasa lilikuwa limetoka kwa siri kupitia mkononi mwake. Angelitoa hapa darajani, lingekuwa la nani?

"Nimelifikiria," alisema.

"Basi ukienda kusema, usirudi kulala kwangu."

Andulile akapanda kilima peke yake, na ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye kona.

*

Siku ya muhuri Sekela hakuweka kidole. Aliandika taarifa ya kurasa nne, akaeleza kijazo kilivyofanya kazi, nani alikitengeneza, na kwamba alikuwa ameutafuta mstari wa mtu anayemjua. Bwana Mbonea aliisoma amesimama. Kisha akachukua kalamu na kuweka jina lake chini ya la Sekela, jambo ambalo hakuombwa.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Tulizo zote zilifungwa. Mikoa mitatu ilidai chaguzi zake za nyuma zirudiwe, na katika mji mmoja wa mashariki watu walichoma kituo. Mlinzi, mwanamke wa makamo, aliungua mikono yote miwili. Sekela alikwenda hospitali kumwona. Mlinzi hakumfahamu, alidhani ni muuguzi, akamwomba amwekee mto vizuri. Sekela akamwekea mto vizuri. Kazi aliipoteza mwezi uleule, na mahakama ikampa kifungo cha nje kwa kosa la kuutafuta mstari.

Lukasi walipiga kura upya mwezi Oktoba, kwa karatasi na kalamu, namna ya kupiga kura ambayo vijana hawakuwahi kuiona. Jua lilikuwa limetoka. Sekela alimsukuma mama mpaka mlangoni mwa darasa. Watu wa foleni waliacha kuongea walipomwona. Wengine waligeuza nyuso.

"Mgonjwa anaruhusiwa msaidizi," alisema karani wa kituo. "Utamsaidia wewe?"

Mama alitikisa kichwa. Aliutoa mkono wa kushoto ndani ya blanketi na kuunyoosha, akiomba kalamu.

Alikaa nyuma ya pazia karibu nusu saa. Walisikia kalamu ikianguka, na karani alipotaka kuingia kuiokota, mama alitoa sauti, ya kwanza kwa miaka mingi, iliyomfanya arudi nyuma. Walimsikia akiinama, kiti kikilia. Andulile alikuwa kwenye foleni, watu kumi na wawili nyuma. Hakuna aliyelalamika. Mwanamke mmoja aliyekuwa amembeba mwanawe mgongoni alianza kuimba chini chini kumbembeleza, na foleni nzima ikasimama juani ikimsikiliza kama iliyosinzia.

Mama alipotoka, karatasi ilikuwa imekunjwa vibaya na kuloa jasho. Aliitumbukiza sandukuni mwenyewe.

Ndiyo ilishinda kwa kura ishirini na tisa.

*

Walihama mwezi wa Machi, kabla ya maji. Msimba ulikuwa uwanda mpana wa nyasi na upepo, ambako mtu aliweza kuona mvua ya kesho ikitembea mbali. Andulile hakuwa amezungumza na dada yake tangu darajani, lakini alipoanza kujenga alimtumia ujumbe aje kushika kamba ya kupimia, kwa sababu hakuna mwingine wa nyumbani aliyejua kuishika. Alikuja. Walipima siku nzima wakiambiana namba tu. Mama alikaa katikati ya kiwanja, blanketi limeteleza magotini, upepo ukimpepea nywele.

Jua lilipoanza kuinama, Andulile alikaa juu ya matofali.

"Serikali inaleta gari la kuhamisha makaburi Alhamisi," alisema, bila kumtazama Sekela. "Kila familia ionyeshe inataka marehemu wake azikwe wapi. Nimefikiria baba tumweke hapa, karibu na dirisha la mama. Unaonaje?"

Sekela aliendelea kuizungusha kamba mkononi.

"Muulize mama," alisema.

Andulile alimtazama kama aliyesikia jambo la ajabu. Kisha akainuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya kile kiti cha magurudumu, akaufuta mkono wake udongo kwenye suruali na kuushika wa mama.

"Mama. Baba tumlete hapa, akae karibu nawe?"

Sekela aliona mkono ukibana. Ukabana tena.

"Mara mbili," Andulile alisema. Alicheka kidogo, akakaa sawa. "Hajanielewa. Mama, nasema baba. Tumlete huku juu?"

Mkono ulibana, ukalegea, ukabana.

Andulile hakuuliza mara ya tatu. Alibaki amechuchumaa vile vile, macho yake yakipanda polepole kutoka kwenye mkono mpaka kwenye mkono mrefu wa gauni, ambao mama hakuwahi kuukunja, na kutoka hapo mpaka usoni mwa mama, ambaye alikuwa akimtazama bila kupepesa. Upepo uliinamisha nyasi zote upande mmoja. Andulile hakuusogeza mkono wake.